Alama za Baba

Kitui walianza kunishauri kabla sijashusha godoro kwenye lori. Aliyeanza ni mama mwenye nyumba, mjane wa miaka sitini na kitu, mtandio kichwani, funguo zinamlia kiunoni. Alisimama katikati ya lango la ploti yake, wapakuaji wamebeba kabati langu wanamsubiri apishe, akaniambia maji ninunue kwa mwenye punda mweupe tu, maana wale wengine huteka chini ya daraja wanakofulia watu. Nikasema asante. Akaendelea. Viatu nivikung'ute asubuhi kabla sijavaa, kuna nge. Pipa la maji nilifunike kwa ubao, na juu ya ubao niweke jiwe, kwa sababu tumbili wa hapa hawana adabu. Maembe nisinunue, msimu ukifika nitapewa mpaka niyakimbie. Na shati nikilianika nisilisahau kwenye kamba, jua la huku linakula rangi.

Mimi nina hasira za karibu, hilo niliseme mapema. Nilikuwa nimetoka Murang'a alfajiri, nimehamishwa kuja kufundisha hesabu katika shule ambayo hata sijaiona, mgongo unaniuma, na hapa kuna mtu ananifundisha kuvaa viatu. Nilimjibu kwa adabu, lakini moyoni nilikuwa nasema, mama, hebu pisha kabati lipite.

Alikuwa na Kiswahili cha kunitia aibu. Babu wa marehemu mumewe alikuja Kitui kutoka pwani na biashara ya vitambaa, akajenga, akazikwa hapa hapa, na wajukuu wakabaki na msikiti wao na maduka yao na Kikamba cha mtu aliyezaliwa nacho. Mimi nina digrii, na Kiswahili changu kinachechemea mpaka leo.

Wakati huo wote baba alikuwa bado ameketi mbele ya lori, koti lake la kijivu limefungwa vifungo hadi shingoni kwenye joto lile, anangoja aambiwe tumefika wapi. Nilikuwa nimeshamwambia mara tano. Mama mwenye nyumba alimwona, akaacha ushauri wake, akaenda kumsalimia kupitia dirisha la lori. Sikusikia walichoambiana. Nilichoona ni kwamba baba alivua kofia.

Nilimleta baba Kitui kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kukaa naye. Kaka zangu wawili wana wake, na wake wana maneno. Mama alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, na tangu hapo akili ya mzee ikawa inamtoka kidogo kidogo. Alianza na majina ya majirani, akaja kwenye siku za wiki, mwishowe akawa anasimama katikati ya sebule ameshika kiatu kimoja, anauliza kiatu ni cha nini. Mama alijua itakuwa hivyo. Alipokuwa amelazwa alinishika mkono, akaniambia nimwahidi kitu kimoja tu, kwamba yule mzee hatapotea. Nikaahidi haraka haraka, vile mtu anavyomwahidi mgonjwa.

Siku ya tatu mama mwenye nyumba alinipitia jioni na bakuli la muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa wanayopika na maharagwe, akakaa, akasema alichokuja kusema. Nakikumbuka neno kwa neno kwa sababu nilikuja kujutia kukipuuza.

"Mwanangu, huyu mzee mtembeze. Mpeleke kwa fundi viatu pale kona, mpeleke dukani, mpeleke kwa watu wa pikipiki, mpeleke kanisani kwenu, na hata kwetu msikitini mpitishe langoni. Kila mtu mwambie huyu ni wa nani. Akishajulikana, siku akitoka atarudishwa."

Nilimwambia nitafanya hivyo. Sikufanya. Baba yangu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kahawa kwetu, mtu aliyekuwa akiingia mkutanoni watu wananyamaza, na sasa nimshike mkono nimzungushe mjini nikimwonyesha kama mtoto aliyeletwa shule? Nikienda dukani kesho yake waniulize, mwalimu, mzee bado hajajua kiatu ni cha nini? Hapana. Nilikuwa mgeni katika mji ule, na nilitaka watu wanijue kwanza mimi, mwalimu wa hesabu, kisha mambo ya nyumbani yakae nyumbani. Badala ya kumtembeza nilienda nikanunua kufuli.

Kulikuwa na ushauri mwingine pia, wa ng'ombe. Kila asubuhi baba akiamka aliuliza ng'ombe wake yuko wapi. Tulikuwa naye kweli, ng'ombe wa maziwa mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, tukamuuza mama alipolazwa. Mimi nilikuwa namwambia ukweli. Baba, ng'ombe aliuzwa. Naye kila asubuhi alisikia kama habari mpya, uso unamwanguka, anakaa kitandani anauliza ni nani aliyemruhusu mtu amuuze. Mama mwenye nyumba aliyasikia hayo kupitia ukuta. Akaniambia nisimwambie ameuzwa, nimuulize tu ng'ombe mwenyewe yukoje, alikuwa akitoa maziwa kiasi gani, na yeye ataeleza mpaka asahau kumtafuta. Nilimjibu kwamba mimi simdanganyi baba yangu. Alichukua bakuli lake akaenda zake.

Nilikuwa na mama mmoja wa kumwangalia mchana. Mwisho wa mwezi wa pili akasema kwao kuna mavuno ya ndengu, akaenda na hakurudi. Nikatafuta mwingine, nikakosa. Muhula ulikuwa katikati, mwalimu mkuu alikuwa ameshaniuliza mara mbili kwa nini nachelewa. Basi nikawa namwachia baba chai kwenye chupa, mkate umekatwa, redio imewashwa, halafu natoka nabana kufuli kwa nje. Saa saba narudi mbio kumlisha, nafunga tena, narudi darasani. Ndiyo, nilimfungia. Nimeandika, basi. Yalikuwa majuma matatu, na kila siku nikifundisha nilikuwa nahisi lile kufuli mfukoni ingawa mfukoni kulikuwa na ufunguo tu.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Niliamka nimechelewa, baba bado amelala, nikaweka sweta yake ya kahawia kwenye kiti jinsi nilivyozoea, nikatoka bila kumwamsha. Kufuli nililitia nikalisukuma nikakimbia. Sikulivuta kuona kama limebana. Mama mwenye nyumba naye hakuwepo siku hiyo, alikuwa na miadi yake ya presha hospitalini, na ukienda huko unakaa mpaka jioni.

Saa saba nilikuta mlango uko wazi. Kufuli lilikuwa linaning'inia kwenye komeo, taya wazi. Redio ilikuwa inaongea peke yake. Niliingia chumbani, nikaingia jikoni, nikaangalia hadi nyuma ya pipa la maji, mahali ambapo hata paka haenei. Nikakaa kwenye kile kiti, juu ya ile sweta.

Nilijikaza nikatoka. Dukani, hatua thelathini kutoka langoni, nilimuuliza mwenye duka kama amemwona baba yangu. Aliacha kupima sukari. Akauliza, kwani mwalimu unaishi na mtu? Miezi mitatu nilikuwa nanunua unga wa watu wawili kwake na hakujua. Kinyozi pia hakujua. Mama wa mboga alisema alijua tu kwamba mimi ni mwalimu na napenda kuharakisha. Nilitafuta picha kwenye simu niwaonyeshe, na picha nilizokuwa nazo zilikuwa za mazishi ya mama, mzee ana mashavu, ana kofia, ana ua kifuani. Walizitazama mmoja mmoja na kutikisa kichwa.

Nilikuwa na namba ya mama mwenye nyumba. Sikumpigia. Ningemwambia nini? Kwamba ulinishauri, nikapuuza, na sasa yametimia? Niliona heri nizunguke na jua la Kitui linipige utosini kuliko kumsikia akinyamaza upande wa pili.

Aliyenipa habari ya kwanza ni fundi viatu wa kona, mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa nyuzi. Nilimweleza mzee mrefu, mwembamba, anazungumza Kikikuyu. Akasema, ah, yule mzee wa ng'ombe. Alikuwa amepita asubuhi saa tatu hivi, akauliza kama kuna aliyemwona ng'ombe mwenye doa jeupe. Neno ng'ombe ni hilo hilo kwao, kwetu na kwa Kiswahili, na hata yale mengine ya Kikikuyu, Mkamba akitulia anayashika mengi. Fundi alimpa kiti akae. Alimfunga kamba za viatu, maana zilikuwa zinaburuzika chini. Kisha akamwelekeza soko la mifugo, kwa sababu mtu aliyepotelewa na ng'ombe, utamwelekeza wapi kwingine?

"Ni wako yule?" akaniuliza. "Sasa mbona hukutuambia? Ningemkalisha hapa mpaka utoke kazini."

Nikashika njia ya soko la mifugo.

Nataka niwaeleze jambo hili vizuri, kwa sababu ndilo lililonimaliza nguvu siku ile. Ukambani, mzee aliyepotelewa na ng'ombe haulizwi maswali mengi. Haulizwi yeye ni wa nani, wala kama ana akili timamu. Ng'ombe akipotea amepotea, na mzee haachwi azunguke peke yake. Unamsogeza kwa mwingine, na huyo mwingine anamsogeza mbele, mpaka ng'ombe apatikane. Kila mtu niliyemfikia alikuwa amemtendea baba wema, na kila wema ulikuwa umempeleka mbali zaidi na mimi. Sokoni, mwanamke wa uji alimpa kikombe akanywa bure. Mfanyabiashara wa mbuzi akakumbuka kwamba kuna boma moja ng'ambo ya mto mkavu ambako ng'ombe asiyejulikana amefungwa siku mbili tatu, akaita mtu wa pikipiki. Mtu wa pikipiki akambeba mzee, akambeba na fimbo aliyopewa na sijui nani, akaenda.

Ningemlaumu nani? Nilitamani nipate mtu mmoja aliyemsukuma, aliyemcheka, nimrukie. Hasira yangu ilikosa pa kutua.

Yule mwenye pikipiki alikuwa ametoka na abiria mwingine, nikamsubiri arudi. Saa nzima nilikaa kwenye gogo nje ya soko, mchana ule, mbuzi wananipita. Aliporudi alikuwa mtu mzima wa ndevu, mwenye pole nyingi. Akasema amemfikisha mzee salama na kwamba mzee alifurahi sana alipomwona ng'ombe. Nikapanda nyuma. Tulitoka kwenye lami, tukaingia njia ya vumbi jekundu, tukavuka mto wa mchanga ambamo wanawake walikuwa wameinama kwenye visima vya kuchimba kwa mikono, mimi nimemshika yule bwana shati kwa vidole kumi na ninasali sala ambayo nadhani haikuwa na maneno.

Bomani tulimkuta mwanamke anapepeta ndengu. Alikuwa kama rika la mama mwenye nyumba, mrefu, viganja vimepasuka kwa jembe. Nilimsalimia vile nilivyofundishwa na mama mwenye nyumba juma la kwanza, nikamwambia "wakya, mwaitu," akaitikia "aa" bila kuacha kupepeta. Nilimwambia nimekuja kumchukua baba yangu. Hapo akaweka ungo chini.

Baba alikuwa nyuma ya ghala. Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya ng'ombe mwekundu mwenye nundu, ng'ombe wa huku, asiye na doa jeupe popote, na alikuwa anamkuna shingoni anamwambia mambo. Hakuwa na nguo zake. Walikuwa wamemvalisha shati la kijani na suruali ya mtu mfupi kumliko. Yule mwanamke alinieleza kwamba mzee alifika amejichafua njiani, wakamwogesha, nguo wakazifua, sasa ziko ndani zimekauka. Zile alizovaa zilikuwa za marehemu mumewe. Aliyasema hayo bila kunilaumu, na niliona ni afadhali angenilaumu.

Nikaenda kumshika baba mkono. Yule mwanamke akanitangulia, akasimama kati yetu.

"Mzee," akamuuliza polepole, "huyu unamjua?"

Baba aliinua macho. Nilitabasamu, Mungu wangu, nilitabasamu hadi mashavu yakauma. Akaniangalia kwa muda, akakunja uso kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Huyu ni yule wa kufuli," akasema, akarudi kwa ng'ombe wake.

Basi hapo kesi ikawa imeanza. Yule mwanamke alinivuta kando na kunieleza mambo yalivyo. Ng'ombe yule alikuja mwenyewe siku tatu zilizopita. Watu wawili walikuwa wameshakuja kusema ni wao. Aliwaambia wataje alama zake, ziko wapi, masikio yamekatwa vipi, wakabahatisha, akawafukuza. Ndivyo walivyofanya wazee wake na ndivyo atakavyofanya yeye.

"Sasa ng'ombe nimemkatalia mtu," akasema, "na mzee mzima nimpeane hivi hivi? Nguo alizokuja nazo ziko ndani. Zitaje."

Nilicheka kidogo kwa woga. Nikasema sweta ya kahawia, nimesahau kwamba mchana nilikuwa nimeikalia. Akatikisa kichwa. Nikasema kama si sweta basi ni koti, koti la kijivu. Akasema sasa unabahatisha, makoti ya kijivu ni mengi, na koti la mzee lina alama, itaje. Nilifumba macho. Lile koti nalijua tangu nikiwa darasa la nne. Nilijaribu kuliona, kola, mifuko, bitana, na nilichokuwa naona ni mgongo wangu mwenyewe nikitoka mlangoni kila asubuhi. Sikuwa nimelishika koti lile tangu tuhamie. Nilikuwa nimelifungia pamoja na mwenyewe. Kitambulisho chake kilikuwa kwenye droo nyumbani. Ile picha ya mazishi nilimwonyesha, akaitazama, akamtazama baba, akanirudishia simu akasema huyo ni mtu mwingine mwenye afya.

Nilianza kulia. Sikupanga. Mwenye pikipiki aligeuka akaangalia gurudumu lake. Yule mwanamke hakulegea, ila sauti yake ilishuka. Akaniuliza kama kuna mtu yeyote Kitui anayenijua mimi na anayemjua mzee, mtu mmoja tu, ampigie azungumze naye.

Nilifikiria. Shuleni walinijua, hawakumjua baba. Kanisani tulikuwa tumeenda mara moja tukakaa nyuma tukatoka kabla ya baraka. Katika mji mzima alikuwepo mtu mmoja. Nikabonyeza namba ambayo sikuipiga mchana kutwa.

Mama mwenye nyumba aliitika bado yuko kwenye foleni ya dawa. Nilimweleza kwa sentensi mbili tatu zilizokatika katika. Hakuniuliza kitu. Akasema nimpe mwenye boma. Nikaweka sauti ya juu, na wale wanawake wawili wakaanza kusalimiana kwa Kikamba, salamu ndefu, mvua, ndengu, wewe ni wa ukoo gani na mama yako alizaliwa wapi, mimi nimesimama katikati nimeshika simu. Mwishowe wakafika kwenye nguo, na mama mwenye nyumba akageukia Kiswahili, nadhani makusudi, ili nisikie.

"Ni koti la kijivu. Kifungo cha tatu kutoka juu kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Nilikishona mwenyewe juzi, mzee yuko ndani, mimi niko nje, mikono nimepitisha kwenye nondo za dirisha. Sikuwa na uzi wa kijivu."

Yule mwanamke aliingia ndani. Akatoka na koti limekunjwa vizuri, akalifungua mbele yangu, akaweka kidole kwenye kifungo cha tatu. Uzi ulikuwa mwekundu kweli, umezungushwa mara nyingi, wa mtu anayeshona bila kuona vizuri upande wa pili.

Nilijua basi. Majuma yale matatu, nikiwa ubaoni naeleza sehemu na desimali, mama wa watu alikuwa anakaa nje ya dirisha langu na kiti chake, anamuuliza baba yangu habari za ng'ombe. Hakuniambia. Angeniambia saa ngapi, na mimi mtu wa kuharakisha.

Baba alikataa kuondoka. Nilimwomba, nikambembeleza, nikasikia ile sentensi yangu ya kila asubuhi inakuja mdomoni, kwamba ng'ombe wako aliuzwa, na nikaimeza. Lakini sikujua niseme nini badala yake. Ni yule mwanamke aliyeinama akamwambia ng'ombe amechoka, alale hapa leo, na mzee naye akapumzike, kesho aje amwone. Baba akafikiri. Akasema ni sawa, ila apewe maji kabla ya majani. Akainuka mwenyewe.

Tulirudi watatu kwenye pikipiki, baba katikati, mimi nyuma nimemzungushia mikono tumboni. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyojua. Tulifika jua halijazama. Mama mwenye nyumba alikuwa langoni na mfuko wake wa dawa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na ushauri. Alimwambia baba karibu nyumbani, akaniuliza mimi kama nimekula.

Kesho yake Jumamosi nilimwogesha baba, nikamvalisha koti, nikafunga vifungo vyote na kile cha tatu. Kufuli nililiacha mezani. Nilimshika mkono tukatoka. Ningependa kusema nilitembea kichwa juu, lakini haikuwa hivyo. Nilikuwa na aibu, na woga, kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa kwamba anayenitoka hatarudi, na kumjulisha mji mzima hakutamzuia kwenda huko anakokwenda. Nilichobaki nacho ni kuwaomba watu wanisaidie kumshika kidogo.

Dukani nilisema, huyu ni baba yangu, anaishi na mimi, anasahau. Mwenye duka akatoka nje ya kaunta akampa mkono. Kwa kinyozi nilisema hivyo hivyo. Kwa mama wa mboga sauti ilinikatika nikaanza upya. Tulipofika kwa fundi viatu nilikuwa nimeshachoka kulisema lile neno, anasahau, na fundi akaona. Hakuningoja. Alimvutia baba kile kiti cha jana, akamkalisha, kisha akaninyooshea kidole kwa mzaha na kumuuliza, na huyu uliyekuja naye ni nani?

Nilitamani ardhi ipasuke. Baba aliniangalia kuanzia viatu mpaka kichwani. Aliangalia mkono wangu ulivyomshika. Nilijua hajui, na nilijua anatafuta, kwa bidii yote iliyobaki.

"Huyu ni mgeni hapa," akamwambia fundi. "Hajui mtu. Mkimwona amepotea, mnirudishie."

Fundi alivua miwani yake akaifuta kwa aproni. Akasema, sawa mzee, tutamrudisha.